Dhambi Sita na Nusu

"Mwalimu, nyumba yangu umeiua. Tangu Ijumaa hakuna anayekula, hakuna anayelala, baba watoto anaongea na ukuta, hata paka kahama. Na yote ni sababu ya hiyo homuweki yako."

Aliyekuwa anasema ni Mama Pacha, soprano wa kwaya, mwanamke ambaye hata akinong'ona watu wa ng'ambo ya barabara hupunguza redio wasikie vizuri. Alikuwa kaegemea kaunta ya steshenari kama mtu aliyekuja kuing'oa, na nyuma yake wateja wawili, mmoja na cheti cha kutiwa plastiki, mwingine wa picha za pasipoti, walikuwa wameshasahau kilichowaleta.

Anayeambiwa ni mwenye steshenari, mjane wa miaka arobaini na tisa, ambaye kwa mwaka wa tisa sasa ndiye katekista wa darasa la kipaimara. Wazazi wanamwita Mwalimu. Vijana wenyewe wanamwita Skana, na si kwa sababu ya mashine zake tu. Ni anavyomtazama mtu. Anaanzia utosini, anashuka polepole mpaka kwenye viatu, anarudi juu, na wewe unahisi kabisa kuna taa imekupitia.

Mama Pacha alifungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akailaza juu ya mashine ya fotokopi. Upande mmoja ulikuwa na wimbo wa matoleo, sauti zote nne. Alhamisi mazoezini alikuwa ameuimba vizuri tu. Nyumbani ndipo alipoigeuza karatasi, na huko nyuma akakuta dhambi za mtu, zimechapwa kwa kompyuta, zimepewa namba.

Namba moja: nimemwambia mama nasali rozari chumbani, kumbe natazama video kwenye simu. Namba mbili: wakati wa mahubiri nimesoma meseji, simu nimeificha ndani ya Biblia. Namba tatu: nimemwonea mtu wivu kwa ajili ya viatu. Namba nne: nimecheka nywele za mwenzangu na kuwachekesha wengine. Namba tano: nimekula nyama aliyowekewa mtu, nikasingizia paka. Namba sita: nimemuwaza mtu mmoja wa kwaya, hata kwenye foleni ya komunyo. Namba saba ilikuwa na silabi mbili tu, "Nime", halafu doa jeusi la wino pale karatasi ilipokwama kwenye printa.

Skana aliisoma mpaka kwenye lile doa. Zile dhambi alizijua vizuri. Zilikuwa zake.

"Nataka jina," Mama Pacha akasema. "Wale wanangu kila mmoja anaapa ni ya mwenzake. Namba tano tu imewasaliti. Paka wangu kasingiziwa mwaka mzima, ndiyo maana kaondoka. Sasa niambie wewe unayewafundisha, ni mkubwa au ni yule aliyemfuata kwa dakika kumi?"

"Mama Pacha, mambo ya kitubio ni siri," Skana akasema.

Jambo hilo ni kweli, hata Padre angelithibitisha, na Skana alijificha nyuma ya ukweli huo vizuri sana, kama mtoto nyuma ya pazia, miguu nje.

Habari yenyewe ilianza mbali kidogo. Darasa la kipaimara lina vijana ishirini na watatu, wa miaka kumi na minne mpaka kumi na saba, umri ambao mtu anamwamini Mungu lakini hataki rafiki zake wajue. Katekista wa zamani, Mungu amrehemu, aliwafundisha kwa maswali na majibu mia mbili, ukikosea moja unaanza upya. Alipofariki, paroko alimpa darasa Skana kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitoa kopi za kile kitabu cha maswali, na Padre aliona kwamba mtu aliyekishika mara nyingi namna hiyo lazima kimemwingia.

Mwaka wa kwanza alifundisha hivyo hivyo. Mwaka wa pili, siku ya maungamo, akasimama nyuma ya foleni kulinda adabu, akamsikia kijana mmoja anamuuliza aliye mbele yake atasema nini huko ndani. Mwenzake akajibu atasema ametukana, amechelewa Misa, amekosa utii. Yule akaomba apewe na yeye hizo hizo. Basi dhambi tatu zikashuka foleni nzima, mdomo kwa mdomo, kila mmoja anaingia nazo kwa Padre na kutoka ananawiri. Skana, ambaye kazi yake ni kopi, aliijua kopi alipoiona.

Tangu hapo akabadilisha mwendo. Aliwaambia vijana dhambi zao wasizitafute kwenye kitabu, ziko mfukoni na wanazichaji kila jioni. Akaacha kuwauliza nani aliabudu sanamu, maana hakuna aliyekuwa na nafasi hiyo, akawauliza nani amemtoa mwenzake kwenye kundi la darasa ili abaki anajiuliza kakosa nini. Nani amesambaza picha ya mtu akiwa amelala mdomo wazi. Aliwafundisha kwamba ukitaka kujibu tusi kwenye simu, sali kwanza Salamu Maria moja, ukiona kidole bado kinawasha, ongeza nyingine. Kijana mmoja alikuja kuripoti kwamba alifika ya kumi na saba, akalala usingizi, asubuhi tusi lenyewe halikumbuki. Skana alimpigia makofi mbele ya darasa.

Na mwaka huu, zikiwa zimebaki wiki chache askofu aje, akawapa ile homuweki. Kila mtu akae peke yake, aitazame wiki yake, aandike dhambi zake mwenyewe, si za jirani. Aende nazo kwa Padre, halafu achane. Akawaonya kwamba atakayemwonyesha yeye atamkasirikia. Wazazi nao wakaarifiwa, wasije wakashangaa kuona mtoto anaandika bila kulazimishwa.

Hapo ndipo alipojiponza. Jumanne, duka likiwa tupu, alijiuliza yeye mwenyewe huwa anakwenda kwa Padre na nini. Akakuta ana dhambi tatu za zamani, zilizochakaa, ambazo amekuwa akizipeleka tangu marehemu mumewe yuko hai. Akaona haya. Akafungua kompyuta, kwa kuwa mkono wake wa kuandika ulishakufa siku nyingi kwa kuchapa, akaorodhesha saba. Alipoprinti, karatasi ikakwama kwenye namba saba. Akaitoa, akaprinti tena, ikatoka safi. Ile safi akaenda nayo kanisani, akaungama, akaondolewa, akaichana vipande vidogo kama vya kurushia maharusi, akarudi dukani anatembea mwepesi.

Ile iliyokwama je? Mtu aliyeendesha steshenari miaka ishirini hawezi kutupa karatasi yenye upande mmoja mweupe. Mkono wake, bila kumuuliza, uliirudisha kwenye boksi la karatasi za kurudia. Jumatano katibu wa kwaya akaja mbio anataka kopi sitini za wimbo, karatasi yoyote tu. Mungu alikuwa ameshasamehe. Mashine ya fotokopi haikuwa na taarifa.

Na kama isingekwama, yote haya yasingekuwepo. Namba saba ilisema: nimewafundisha watoto wa watu mambo ambayo mimi mwenyewe siyafanyi.

Ijumaa Mama Pacha aliipiga picha karatasi na kuituma kwenye kundi la wazazi wa kipaimara. Kundi hilo makusudi halina mwalimu ndani yake, maana humo ndimo wanamomsema. Aliuliza kwa upole nani anamtambua huyu. Alitegemea kimya. Alipata kumi na moja. Akina mama kumi na mmoja kila mmoja alimtambua mtoto wake bila shaka yoyote, mwingine kwa nyama, mwingine kwa viatu, na mmoja, ambaye mwanawe hajawahi kufungua Biblia, alimtambua kwa ile Biblia, akasema alishashangaa anaipeleka kanisani ya nini. Kufika Jumapili simu kumi na nne za vijana zilikuwa zimefungiwa makabatini. Vijana wawili walikiri. Skana alipoambiwa wamekiri, alitaka kuuliza wamekiri nini, akajizuia.

Mwenyekiti wa wazazi ni mstaafu wa magereza, na kwake kila jambo lina dawa moja, mtu fulani awe ndani. Alitangaza kwamba mwenye karatasi ajitokeze, la sivyo kipaimara chake kitasubiri mwaka mwingine. Alipoulizwa atamzuiaje mtu asiyemjua, alisema uchunguzi unaendelea. Uchunguzi ukafuata namba sita. Mtu wa kwaya, anawazwa mpaka kwenye komunyo, lazima anayewaza naye yuko karibu na kwaya. Na darasani humo aliyekuwa kwayani ni mmoja tu, binti wa miaka kumi na sita wanayemwita Kengele kwa sauti yake. Baba yake anauza vipuri vya magari, na hakusubiri mwenyekiti. Alimtoa kwenye kwaya, akachukua simu yake, akasema kipaimara mwaka huu hakuna, akatulie kwanza.

Jumatano jioni Kengele aliingia dukani na daftari la shule, anataka kopi za kurasa mbili. Akaamkia, akaitikiwa. Mashine ikapita kurasa zote mbili na bado kasimama pale.

"Mwalimu, ile karatasi si yangu."

Skana akasema anajua. Binti hakuuliza anajuaje.

"Ila siwezi kusema si yangu. Nikisema, baba atataka kuiona yangu. Na yangu ni mbaya kuliko ile." Alikuwa anakunja kona ya daftari, anakunjua, anakunja. "Mimi nilifanya kama ulivyosema, Mwalimu. Niliandika kweli tupu. Wenzangu walioandika uongo ndio wana amani."

Skana alitaka kumwambia maneno fulani mazuri kuhusu msalaba, alikuwa nayo, huwa anayasema kila Kwaresima. Akayaangalia, akaona hayana heshima. Akamwambia tu kwamba Jumapili iko mkutano wa wazazi, na asikate tamaa.

Sasa, kusema ni rahisi. Nyumbani jioni ile Skana alikaa kitandani kupiga hesabu ya aibu. Wazazi watamvua darasa, hilo la kwanza, na darasa ndilo peke yake linalomtoa nje ya kaunta. Vijana watacheka mpaka askofu afike na kuondoka. Halafu iko namba sita. Mtu wa kwaya ni mpiga kinanda, fundi wa saa, mtu mzima mpole aliyefiwa na mkewe miaka mitano iliyopita, ambaye hajawahi kumwambia Skana neno lolote zaidi ya kuomba kopi za noti za muziki ziwe nyeusi kidogo. Kwa ajili ya mtu huyo wino wa printa ulikuwa unaisha upesi kuliko kawaida.

Mama yake, ajuza wa miaka themanini na moja anayesikia kila kisichomhusu, akagonga mlango kuuliza kama keshafika fumbo la ngapi la rozari. Skana akajibu la tatu. Mkononi, simu ilikuwa inamwonyesha mtu anafua zulia lililotoka kwenye matope. Ndizo video zake hizo, mazulia machafu yanafuliwa mpaka maua yanaonekana. Hazina ubaya wowote. Ubaya ni kwamba mama alikuwa anawasimulia wanajumuiya jinsi binti yake anavyomaliza rozari nzima kila siku ya Mungu.

Akaizima. Wiki moja tangu aungame, na namba moja ilikuwa imesharudi, imevua viatu, imekaa.

Jumapili baada ya Misa ya pili wazazi walijaa ukumbini. Mwenyekiti alikaa mezani na faili ambalo ndani lilikuwa na karatasi ile ile moja. Padre alikaa pembeni na kikombe cha chai. Vijana walifukuzwa waende darasani, ng'ambo ya uwanja, kwa hiyo wote walikuwa nje chini ya madirisha. Mpiga kinanda naye alikuwepo, si kama mzazi, alikuja kufungua spika za kwaya, na alikuwa anazungusha waya mkononi kimyakimya asiwasumbue watu.

Mwenyekiti alipofungua mdomo kutaja hatua ya uchunguzi, Skana akasimama.

"Ile karatasi ni yangu. Si ya mtoto yeyote. Niliandika mimi, nikaitolea kopi ya wimbo mimi, kwa makosa yangu."

Mama Pacha akaweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga, akawageukia wenzake.

"Mnauona moyo huo? Yuko tayari kubeba aibu ya watoto wetu. Mimi nilimsema vibaya huyu mama, Mungu anisamehe."

Wakapiga makofi. Wengine walisimama kabisa. Mwenyekiti akasubiri yaishe, akasema kamati inamshukuru Mwalimu kwa mapendo, ila uongo wa huruma nao ni uongo, na hapa ni parokiani. Skana akabaki kasimama. Alikuwa amesema kweli ngumu kuliko zote za maisha yake, na watu walikuwa wanamsamehe kwa kudanganya.

Baba yake Kengele ndiye aliyemjaribu. Akasema karatasi inasema amemdanganya mama, sasa Mwalimu kwa umri huo ana mama gani wa kumdanganya.

"Ana miaka themanini na moja, anaishi kwangu," Skana akasema. "Anaamini nasali rozari. Natazama watu wanafua mazulia."

Kicheko kikapita, cha upendo, cha watu wanaoona mtu anavyojitahidi kutunga. Akaja kwenye namba mbili, akasema Biblia yenyewe ni ile kubwa ya jalada jeusi, wanamwona nayo kila Jumapili benchi la mbele, wakatikisa vichwa kwa huruma zaidi. Akasema ana paka. Mama mmoja akamnong'oneza jirani yake kwamba kweli huyu angefaa utawani.

Basi Skana akaona haijabaki njia. Akageuka, akamtazama Mama Pacha kuanzia utosini.

"Namba nne ni wewe, Mama Pacha. Wigi la Pasaka. Nilimwambia katibu wa kwaya kwamba umekuja na kiota, tunasubiri kitotoe. Akacheka mpaka akakosa kuanzisha wimbo. Unakumbuka Aleluya ilichelewa?"

Watu wote walikumbuka Aleluya ilivyochelewa. Katibu wa kwaya, mstari wa tatu, alianza kutafuta kitu chini ya kiti. Na hapo, polepole, kama umeme unavyorudi nyumba moja moja, ukumbi mzima ukaamini.

Mama Pacha alishusha mkono kutoka kifuani.

Baba yake Kengele akauliza, safari hii kwa sauti ndogo, na namba sita je. Skana akasema namba sita alishaimaliza na Mungu, na mwenyewe huyo hajui, na hana kosa lolote. Hakutazama kona ya spika. Kule konani, waya uliokuwa umeshazungushwa vizuri ukafunguliwa wote, ukaanza kuzungushwa upya.

"Kwa hiyo binti yangu..." baba yake Kengele akasema.

"Binti yako hana hata mstari mmoja humo. Na alichoandika yeye ni chake na Padre. Usimuulize."

Yule baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa simu yenye kava la maua, akaigeuzageuza kama kipuri ambacho hajui ni cha gari gani. Akasema basi, atasimama na wenzake mbele ya askofu. Akasema pia, bila kumtazama mtu, kwamba yeye naye angepewa hiyo homuweki asingejua aanzie wapi. Chini ya dirisha mtu alipiga kelele moja fupi, ya juu, safi kabisa, akazibwa mdomo na wenzake.

Mwenyekiti hakupenda jambo liishe bila mtu kuwa ndani. Akafunga faili, akasema sasa limezuka suala jipya, na ni zito: je, katekista wa namna hii, anayesoma meseji kwenye mahubiri, anayecheka watu, anayewaza waimbaji, anastahili kuwafundisha vijana wetu imani? Mama mmoja akasema hastahili. Mwingine akasema yeye ndiye amemuelewa leo kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Sauti zikaanza kupandana. Wote wakamgeukia Padre, ambaye alikuwa anatazama ndani ya kikombe, kwa kuwa mahubiri yale yaliyosomewa meseji yalikuwa yake.

"Mafundisho huwa saa ngapi?" Padre akauliza.

Akajibiwa saa sita.

Padre akatazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa saa sita na dakika kumi, akainua kikombe, akanywa chai, akaonekana kama mtu aliyekwisha kusema.

Skana alichukua daftari la mahudhurio na boksi la chaki. Huko nje ilisikika miguu mingi inakimbia kuvuka uwanja ili ikutwe imekaa. Alikuwa ameshafika mlangoni Mama Pacha alipopata tena sauti yake, na ilikuwa ni ile sauti yenyewe, ya kuzimisha redio za mtaa.

"Mwalimu, rudi hapa, hatujamaliza. Hebu niambie mbele ya watu hawa wote. Lile wigi lina nini?"

Skana akashuka ngazi, akaenda zake darasani.